Watu 276 Kwenye Gunia: Kuwafundisha Vijana Matendo 27 kwa Ndara za Pwani ya Malindi

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa vijana wa kanisa letu hapa Malindi, niliwanunulia rangi na karatasi kubwa nikawaambia wachore safina ya Nuhu. Walichora vizuri sana. Twiga walitoka na madoa yao, tembo na pembe zao, upinde ukatanda karatasi nzima. Jumapili iliyofuata nikawauliza: Nuhu alimtoa ndege gani kwanza? Kimya. Walikuwa wamechora safina waliyoizoea tangu utotoni, ile ya kwenye kuta za chekechea, na kitabu cha Mwanzo hakikufunguliwa hata mara moja. Kosa lilikuwa langu. Niliwapa kazi ambayo mkono ungeweza kuimaliza bila jicho kusoma.

Tangu hapo nina sharti moja. Kila kitu kinachoingia kwenye picha kiwe na aya yake, na picha yenyewe iwe ya namna ambayo haimaliziki mpaka warudi kwenye andiko mara kumi, mara ishirini. Mwongozo huu ni wa kazi moja iliyotufaa kuliko zote: kuvunjika kwa merikebu ya Paulo, Matendo ya Mitume 27, kwenye pazia la magunia, na watu waliokatwa kutoka ndara (kandambili za mpira) zinazotupwa na bahari. Inafaa vijana wa miaka 12 hadi 17. Sisi tuliifanya kwa Jumamosi nane, saa mbili kila mara.

Sura hii niliichagua kwa sababu ni ya watu wa pwani. Ina nanga, tezi (nyuma ya chombo), omo (mbele yake), pima, usukani na shehena. Kijana wa Malindi ambaye mjomba wake ni mvuvi anaijua nusu ya sura hii kabla hajaisoma, na kwa mara moja yule asiyefanya vizuri shuleni anakuwa ndiye mwenye kueleza wenzake.

Hatua ya kwanza: Someni, msiguse makasi

Jumamosi ya kwanza hakuna sanaa. Someni sura yote, aya 44, kwa sauti. Tumieni Biblia ya Union Version, ile ya 1952, maana lugha yake ya baharini ni tamu na imetoka pwani hii hii. Ukiwa na tafsiri ya Habari Njema pembeni itakusaidia mahali ambapo sentensi ni ndefu. Gawa wasomaji watatu au wanne wenye sauti. Usisimame kila aya kueleza. Iache dhoruba iende mpaka mwisho.

Kisha soma mara ya pili, na safari hii kila mmoja ana penseli. Kazi yao ni kuandika vitu vinavyoshikika tu: mashua, kamba, ngano, mkate, mbao. Mawazo na mafundisho yatakuja baadaye. Orodha zao ukiziunganisha ndiyo picha yenu, na ndiyo itakayowaambia vifaa gani vinatakiwa.

Waandike na nambari. Siku 14 bila kula vizuri. Pima 20, halafu pima 15. Nanga nne. Watu 276. Mwandishi wa habari hii alikuwemo chomboni, anasema "sisi" tangu mwanzo wa safari, na anahesabu kama mtu aliyekuwepo.

Hatua ya pili: Mwite mtu wa bahari

Hatua hii wengi wataiona ya ziada. Mimi nasema ukiiruka, umepoteza nusu ya somo.

Mtafute nahodha au mvuvi mzee aje kuzungumza na vijana kwa saa moja. Hapa Malindi huenda akawa Mwislamu, na hilo si tatizo hata kidogo, mradi umweleze wazi tangu mwanzo: tunasoma habari ya chombo kilichovunjika katika kitabu chetu, tunaomba utueleze mambo ya chombo. Usimwite kwa hila ili umhubirie. Usipange Ijumaa mchana wala siku za Ramadhani ambazo mtu amefunga na ana kazi zake. Mpe kiti kizuri, mpe maji, na vijana waamkie ipasavyo.

Mzee aliyekuja kwetu aliketi akasikiliza mpaka aya ya 29, wanapotupa nanga nne za tezi. Akainua mkono.

"Hapo ngoja. Tezi? Chombo hutiwa nanga omo."

Msichana aliyekuwa akisoma akarudia. "Imeandikwa tezi, Nahodha."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi hao walijua kazi yao. Upepo unawasukuma pwani, ni usiku, hawaoni. Ukitia nanga omo, chombo kitageuka, tezi iwe nchi kavu na omo iwe baharini. Wao wametia tezi ili omo ielekee pwani hapo hapo ilipo. Kukicha ni kukata kamba na kwenda."

Nimeisoma sura hii miaka mingi, na nanga hizo zilikuwa zikinipita. Vijana wale hawataisahau tezi.

Mwulize pia mambo ya pepo. Aya ya 9 inasema saumu ilikuwa imekwisha kupita. Hiyo ni saumu ya Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, na baada yake Bahari ya Kati (Mediterania) huwa hatari kwa sababu majira ya baridi yanakaribia. Vijana wetu wanajua jambo hili kwa njia yao: hapa pepo za kusi zikichachamaa, mwezi wa sita na wa saba, vyombo vidogo hukaa pwani, na kaskazi ikiingia bahari hutulia. Ila waambie wawe macho, maana kwenye Matendo mambo yamegeuzwa. Upepo mpole uliowadanganya ulitoka kusini, na Eurakilo, ule uliowavunja, ulitoka kaskazini-mashariki. Chora dira ubaoni, mshale mmoja kwa Malindi na mmoja kwa Krete, kisiwa walikopatia dhoruba.

Kisha toka nje na kamba. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na mtu mzima ni karibu mita 1.8. Vijana wapime pima 20 uwanjani, wafunge fundo. Wapime 15, wafunge la pili. Ni karibu mita 36, kisha 27. Kijana mmoja asimame kwenye fundo la kwanza, mwingine la pili, halafu soma aya ya 28 polepole. Ule umbali ulioondoka kati yao ni nchi kavu inayokuja gizani. Hifadhi kamba hiyo, mtaishona kwenye pazia.

Hatua ya tatu: Okoteni ndara

Ndara si haba kwenye fukwe zetu. Nendeni asubuhi, maji yakiwa yametoka, hasa siku zinazofuata bamvua, yaani maji makubwa, maana bamvua husukuma takataka juu na kuziacha kwenye mstari mmoja mrefu. Mnatafuta nyayo za mpira, hata zilizokatika kanda. Wayo mmoja wa mtu mzima hutoa watu saba au wanane wa urefu wa kidole, kwa hiyo nyayo 40 zinatosha. Okoteni 60 ili mpate rangi za kuchagua.

Vijana wasipowahi kusikia, waambie habari za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa ndara zipatazo 30,000, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Hakuna kijana aliyewahi kuniambia tena kwamba tunawaletea takataka.

Mambo ya usalama niliyojifunza:

- Watu wazima wawili au zaidi, ruhusa ya wazazi mkononi, na hakuna anayeingia majini hata magotini.
- Viatu miguuni, glavu mikononi. Kuna vigae vya chupa na mara nyingine sindano.
- Makombe na matumbawe yaacheni yalipo. Mkiwa ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, hayaruhusiwi kuchukuliwa, na hata nje yake si yetu kuyamaliza.

Nyumbani ziloweke kwa maji ya sabuni nusu siku, zisugue kwa brashi, zikauke kivulini. Jua kali huzikunja na kuzisinyaza, na wayo uliojikunja haukatiki sawa.

Hatua ya nne: Pangeni picha kwa aya ya 22

Hapa kaeni, msiharakishe. Picha nyingi za habari hii huonyesha wimbi kubwa na chombo kilichoinama, basi. Lakini Paulo alisema nini katikati ya dhoruba? Kwamba hapatapotea hata nafsi moja, ila merikebu tu. Basi pazia letu tuligawa sehemu mbili kwa mstari wa maji. Chini ya mstari ni vyote vilivyopotea. Juu ya mstari ni watu.

Waulize vijana: chini kuna nini? Na wataanza kufungua kurasa. Shehena, aya ya 18. Vyombo vya merikebu, aya ya 19. Mashua, aya ya 32, ambayo askari walizikata kamba zake ikaanguka. Ngano, aya ya 38. Nanga nne, aya ya 40. Kitu kimoja kimoja chombo kikapunguzwa, mpaka aya ya 41 tezi yenyewe ikavunjika. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, kila wanachokitegemea kinatupwa." Sikumwambia maneno hayo. Aliyapata kwa kutafuta vitu vya kushona.

Juu, upande wa kushoto, wekeni chombo kilichokwama omo. Upande wa kulia pwani ya Melita, ambayo ndiyo Malta. Katikati watu: wajuao kuogelea wametangulia, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya merikebu, kama aya ya 43 na 44.

Vijana wa kwetu watachora jahazi lenye tanga la pembe tatu. Waonyeshe tofauti. Ile ilikuwa merikebu kubwa ya Iskanderia iliyobeba ngano, ya tanga la mraba, na usukani wake ulikuwa wa makasia makubwa mawili yaliyofungwa kwa kamba. Hapo wakumbushe mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, kilichoshonwa kwa kamba bila misumari na kuvushwa kwa tanga la mraba la mkeka. Ukiwa na picha ya mtepe, ilete. Ndipo wataelewa aya ya 17, mabaharia wanapoikaza merikebu kwa kuipitishia kamba chini.

Hatua ya tano: Nyuzi mbili

Hii ndiyo kanuni inayoibeba kazi yote, na ukichukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili.

Nunua uzi wa nyavu wa rangi mbili, mweupe na wa buluu. Kilichoandikwa kinashonwa kwa uzi mweupe. Tulichobuni sisi kinashonwa kwa uzi wa buluu. Kabla mtu hajaingiza sindano, anasoma aya yake kwa sauti mbele ya wenzake wawili. Akishindwa kuipata, uzi ni wa buluu. Kubuni si dhambi, ila kuchanganya ndiko kunakotupoteza, na watu wazima wengi makanisani tunasimulia mambo ya buluu tukidhani ni meupe.

Mabishano yatakuja, na ndiyo raha yake. Mvulana mmoja alitaka papa. Wakatafuta; hakuna papa. Buluu. Mwingine akasema hakuna nyoka pia, wakamfungulia 28:3: yupo, lakini pwani kwenye kuni, si majini. Mweupe. Mvua? Imetajwa 28:2, Melita, pamoja na baridi. Malaika je? Paulo anasimulia kwamba malaika alisimama karibu naye usiku, aya ya 23, ila hakuna aliyeelezwa anafananaje. Wakashona umbo dogo lisilo na sura, uzi mweupe, na mabawa yakashonwa kwa buluu. Nilikuwa nimenyamaza muda wote huo.

Hatua ya sita: Kata na kushona

Pazia ni magunia manne ya katani kutoka kwa wauza nafaka sokoni. Yafumue ubavuni na chini, yafue, uyaunge ubavu kwa ubavu. Tanga ni kipande cha kitambaa cha marekani. Ngano yafaa iwe ngano ya kweli kwenye kifuko cha chandarua.

Ndara hukatika kirahisi kwa kisu kikali kilicholowa maji ya sabuni. Kisu kishikwe na walio na miaka 15 kwenda juu, mtu mzima akiwa karibu. Wadogo watumie makasi kumalizia. Kushona ni kwa shazia, ile sindano kubwa, mishono miwili kwa kila mtu, kifuani na miguuni. Gundi ya mafundi viatu tuliikataa kabisa. Mjini kuna watoto wanaoharibiwa na kunusa gundi, sitaki mkebe wake uzoeleke mikononi mwa vijana wangu, na isitoshe kwenye gunia haishiki.

Onyo dogo kwa wanaofanya kazi na vijana wa Kigiriama. Mkichonga watu wa mbao wa kusimamishwa, msiwatie urembo wa pembetatu wala kichwa cha duara kama cha vigango. Vigango ni kumbukumbu za wazee waliokufa, vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, baadhi vimerudishwa kwa taabu, na si urembo wa kuchezea.

Idadi igawanywe sawa. Mkiwa 23, kila mmoja 12. Mkiwa 12, kila mmoja 23. Mwenye kipaji asikate kwa niaba ya wengine. Yule mpole wa nyuma naye awe na watu wake, na katika watu wake achague mmoja na atuambie ni nani. Andiko limetaja kwa majina Paulo, akida Yulio, na Aristarko wa Thesalonike. Waliobaki ni nahodha, mwenye merikebu, mabaharia, askari, wafungwa. Huyu wako alikuwa mmoja wa mabaharia waliotaka kutoroka na mashua, aya ya 30? Alikuwa askari aliyetaka kuwaua wafungwa, aya ya 42? Naye aliokoka, unamweka wapi? Kwenye zoezi hili niliwasikia vijana wakizungumza kuliko mwaka mzima wa mahubiri yangu.

Jumamosi ya sita leta mkate. Usiku ule wa 14 Paulo alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega akaanza kula, nao wote wakachangamka. Zimeni taa, someni aya ya 33 hadi 36 kwa tochi moja, mle. Usiifanye ibada ya meza ya Bwana. Hilo lina watu wake na utaratibu wake.

Hatua ya saba: Hesabu

Pazia likikamilika litandikeni sakafuni na mhesabu kwa sauti, wote pamoja, kidole juu ya kila mtu. Msikubali kukadiria. Sisi tulipata 274. Mmoja akasema inatosha, hakuna atakayejua. Wenzake wakamgeukia kabla sijafungua mdomo. Walifunua mikeka, wakapekua magunia ya mabaki, wakampata mmoja chini ya kabati. Wa pili hakuonekana, akakatwa upya.

Sasa jambo la kukuandaa. Huu ni mji wa wavuvi, na katika vijana wako huenda yumo ambaye bahari ilimchukua mtu wake. Fahamu kabla hujaanza, zungumza na familia. Mimi sikufahamu. Tulipofika 276 na wengine wakapiga makofi, msichana mmoja alibaki amekaa. Akaniambia taratibu, "Baba yangu hakurudi, na mama aliomba."

Usijibu haraka. Nilikaa naye chini. Baadaye, kwa kuwa yeye ni msomaji, nilimwonyesha 2 Wakorintho 11:25, Paulo aliyekwisha kuvunjikiwa chombo mara tatu na kukaa usiku na mchana kilindini, na barua hiyo iliandikwa kabla ya safari hii. Haikuwa dawa. Ilikuwa tu ushahidi kwamba kitabu kinajua.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mtu wa 277, wa ndara ya kijani. Kikundi kikabishana, maana hesabu ni hesabu. Ndipo mmoja akasoma 28:2, wenyeji wa Melita waliowasha moto na kuwakaribisha waliotoka majini. Hao hawamo katika 276. Akamshona pale, pwani, karibu na moto, kwa uzi wa buluu.

Kutundika na kutunza

Pazia ni zito, kwa hiyo pitisha mwanzi kwenye upindo wa juu na ufunge kamba tatu, zisiwe mbili. Siku ya kuonyesha usisimulie wewe. Kila kijana asimame mbele ya kipande chake na aya yake, na wageni waulize. Mwambie mgeni mmoja mapema aulize habari za nyuzi mbili. Mwalike yule nahodha na umpe nafasi ya kukagua nanga. Likimaliza kazi, liviringishe, usilikunje, maana ndara zilizokunjwa hubaki na alama, na ulitundike juu panya wasifikie ile ngano.